Katalitiki haifi peke yake: niliyojifunza baada ya kuinunua mara mbili

Jumapili moja jioni, nikitoka Nakuru na mama yangu, gari lilikataa kupanda mlima wa Mai Mahiu. Halikuzima, lingezima ningejua pa kuanzia. Injini ilikuwa inanguruma, ila kila nikikanyaga mafuta lilinung'unika tu kama mtu aliyezibwa mdomo. Nikashuka gia ya tatu, nikashuka ya pili. Lori la vitunguu lililojazwa hadi juu likatupita, tanboi akaning'inia mlangoni na kutupungia mkono. Mama alikuwa ameinua miguu kutoka sakafuni. "Hapa chini kunachoma," akasema. Kisha akanusa. "Na mbona gari linanuka mayai viza?"

Miezi minane tu kabla ya siku hiyo nilikuwa nimelipia katalitiki mpya, kile kidude cha kusafisha moshi kwenye ekzosi. Risiti ilikuwa bado kwenye droo ya gari.

Naandika haya kwa ajili ya mwenye gari la zamani hapa Nairobi ambaye ameambiwa, au ataambiwa karibuni, kwamba "katalitiki imeisha." Huenda imeisha kweli. Lakini katalitiki ni kama mpangaji aliyekutwa amekufa chumbani kwa moshi: kabla ya kumwingiza mpangaji mwingine, toa kwanza lile jiko la makaa. Mimi sikutoa jiko.

Gari langu ni la 2003, injini ya 1,800, lilitoka Uingereza likaingia Mombasa 2010, kabla halijapitisha ile miaka minane inayoruhusiwa kwa mitumba. Ni injini nzuri, ila wanaoifahamu watakwambia ina kiu ya oili. Mimi nilikuwa naongeza lita moja kati ya sevisi na sevisi na nikiona ni kawaida ya uzee. Shikilia hilo la oili, nitalirudia.

Kwanza, hicho kidude chenyewe. Ukilala chini ya gari utaona bomba la ekzosi likitoka kwenye injini, na kabla halijafika kwenye sailensa linavimba mahali kama nyoka aliyemeza panya. Kwenye magari mengine uvimbe huo uko juu kabisa, umeshikana na injini. Ndani yake mna kauri yenye matundu madogo madogo mfano wa sega la nyuki, na kuta za matundu hayo zimepakwa madini ya thamani: platinamu, paladiamu na rodiamu. Moshi ukipita humo ukiwa moto wa kutosha, monoksidi ya kaboni, ile hewa inayoua watu waliolala na jiko, hugeuzwa kuwa kaboni dayoksidi. Petroli ambayo haikuungua humaliziwa humo. Na hewa za naitrojeni zinazowasha macho na kifua huvunjwa. Katalitiki haianzi kazi mpaka ipate joto la nyuzi 250 hadi 300 hivi za Selsiasi, na ikishaanza hupanda mbali zaidi ya hapo. Kwa hiyo ukienda mashambani usiegeshe juu ya nyasi kavu. Nasema tu.

Madini yale hayaliwi na kazi yenyewe. Yanaweza kudumu umri wote wa gari. Yanayoyamaliza ni mambo yanayotoka mbele, kwenye injini.

Nirudi mwanzo wa mkasa. Mwaka jana taa ya injini iliwaka kwenye dashibodi, ikatulia pale pale, rangi ya manjano. Nikaenda gereji moja mtaani kwetu. Kijana akachomeka mashine chini ya usukani, ikatoa namba ya hitilafu, P0420. "Madam, katalitiki imeisha. Tutoboe ama tuweke nyingine?"

Kutoboa maana yake ni kuikata, kuvunja lile sega kwa chuma, kisha kulifunga ganda likiwa tupu. Nilikataa, na hilo ndilo jambo pekee nililofanya vizuri siku ile. Nikalipia mpya ya dukani, zile za bei nafuu zisizotoka kwa mtengenezaji wa gari. Taa ikazimwa, nikaenda zangu. Katalitiki ya zamani niliiacha pale sakafuni karibu na tairi kuukuu. Hata sikuiangalia mara mbili.

Kitu ambacho sikukijua ni kwamba P0420 haisemi "nunua katalitiki." Gari lenye sensa mbili za oksijeni lina moja kabla ya katalitiki na nyingine baada yake. Ile ya mbele ndiyo husaidia kompyuta kupima mafuta yaingie kiasi gani. Ya nyuma kazi yake kubwa ni kuchungulia kama katalitiki inafanya kazi. Katalitiki ikiwa nzima, sensa ya nyuma hutulia. Ikichoka, sensa ya nyuma huanza kucheza juu chini kama mwenzake wa mbele, na kompyuta inatoa hiyo namba. Lakini hata tundu dogo kwenye bomba la ekzosi karibu na sensa, linalovuta hewa ya nje, linaweza kuidanganya. Hata sensa yenyewe iliyochoka. Kijana hakuangalia lolote kati ya hayo, nami sikuuliza. (Na kama gari lako ni la Japani la miaka ya zamani, huenda halina kabisa hiyo sensa ya pili. Kwako taa haitawaka hata katalitiki iwe imegeuka unga.)

Sasa aibu yangu. Wiki tatu kabla ya safari ya Nakuru gari lilianza kutetemeka kwenye foleni, hasa asubuhi. Taa ya injini ikawaka tena, ila safari hii ilikuwa inapepesa. Inawaka, inazima, inawaka. Nikajiambia ni waya. Nikaenda nayo hivyo hivyo hadi Nakuru, na nilirudi kama nilivyowaeleza.

Kama utasahau mengine yote, hili lishike: taa ya injini iliyotulia inakwambia utafute nafasi umwone fundi. Taa inayopepesa inakwambia kuna silinda haichomi, na petroli mbichi inakwenda moja kwa moja kwenye katalitiki sasa hivi. Petroli hiyo huungulia humo ndani, joto linapita kiasi, na kauri inayeyuka. Haichukui miezi. Safari moja ndefu inatosha. Punguza mwendo, usikanyage mafuta kwa nguvu, ukiweza simama uite gari la kuvuta. Bei ya kuvutwa ni ndogo mno ukilinganisha na niliyolipa mimi.

Jumatatu mwalimu mwenzangu alinielekeza kwa mzee mmoja Kariobangi Light Industries. Anafanyia kazi kwenye kibanda cha mabati kati ya mchomeleaji mageti na watu wa kunyoosha bodi, na huwezi kusikia neno mpaka jenereta ya jirani izimwe. Nikamwonyesha risiti. Akaisoma, akairudisha.

"Mwalimu, ulinunua dawa kabla ya kupimwa."

Namna alivyopima ndiyo sababu hasa ya makala haya, kwa kuwa karibu yote unaweza kumwomba fundi yeyote akufanyie, na akikataa utajua uko na fundi wa aina gani. Aliacha injini ipoe, akaingia chini na kuigonga katalitiki kwa ngumi. Ikalia kama chupa ya vidonge: sega limevunjika. Kisha akafungua sensa ya mbele na mahali pake akafunga geji ya presha. Akawasha. Moshi unatakiwa kupita bila kusukumana. Kwa kipimo kile kile tunachopimia tairi, injini ikiwa imetulia geji haifai kupita moja na kidogo, na ukikanyaga hadi mizunguko 2,500 isizidi tatu hivi. Yangu ilipanda hadi nane. Moshi ulikuwa hauna pa kutokea, na ndiyo maana lori la vitunguu lilinipita.

Pia ana kile kipimajoto cha kuelekeza kama bastola, ambacho wengi wetu tulikifahamu wakati wa korona. Katalitiki iliyo hai, gari likishapata moto, kwa kawaida huwa na joto zaidi upande wa kutokea moshi kuliko wa kuingilia. Aliniambia anakiangalia lakini hakiamini peke yake.

Baada ya hapo akaachana kabisa na katalitiki na kufungua plagi. Nne zikapangwa kwenye gazeti kwa mpangilio wa silinda. Ya tatu ilikuwa imelowa petroli. Akachukua koili (kile kinachoipa plagi umeme wa cheche) ya silinda ya tatu, akaihamishia ya kwanza, akawasha, akasoma mashine. Tatizo likahama pamoja na koili. Basi ndio ushahidi huo, na kijana yeyote mwenye spana angeweza kuupata kwa dakika kumi. Koili moja! Plagi zile tatu nyingine nazo zilikuwa na ukoko wa oili iliyoungua.

Hapo ndipo oili inaporudi. Oili ya injini ina viungo vya kuzuia chuma kisilike, na baadhi yake vina fosforasi. Oili ikipenya kwenye ringi za pistoni zilizochoka au sili za vali ikaungua, fosforasi inakwenda kutandaza utando juu ya yale madini. Hayajaisha, yamefunikwa tu, ila kwa kazi yake ni sawa na kuisha. Ndivyo ilivyokufa katalitiki ya kwanza, taratibu, kwa miaka. Ya pili, ile mpya, iliuawa na koili kwa wiki tatu. Mzee alitaja pia maji ya radieta yanayovuja ndani kupitia gasketi ya hedi, sensa ya mbele iliyochoka inayomwaga mafuta mengi kuliko yanayohitajika, na gundi ya silikoni ambayo mafundi hupenda kupaka kila mahali. Hayo sikuwa nayo, nashukuru.

Nilimuuliza kwa nini mafundi wengi wa hapa hukimbilia kutoboa. Jibu lake sikulitarajia. Alisema alijifunza ufundi enzi za petroli yenye risasi, na wakati huo katalitiki haikuwa na maana nchini kwetu, kwa sababu risasi huyafunika yale madini yakafa haraka. Gari lilipofika kutoka ng'ambo, la kwanza lilikuwa kuitoa. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na petroli hiyo kufikia mwanzo wa 2006, na mwaka 2021 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake yako hapa hapa Gigiri, lilitangaza kwamba Algeria, nchi ya mwisho duniani kuiuza, nayo imeacha. "Risasi ilienda," mzee akasema, "mazoea yakabaki. Halafu bei ya madini ikapanda, na mazoea yakawa biashara."

Hapo ndipo nilipoikumbuka katalitiki yangu ya kwanza kando ya tairi kuukuu. Ile ya asili, ambayo gari lilitoka nayo kiwandani, ndiyo yenye madini mengi, na wanunuzi huitambua kwa namba iliyopigwa kwenye ganda. Hizi za dukani za bei nafuu zina madini kidogo, na zikifa hazina bei ya maana. Nilimsimulia mzee. Akacheka mpaka akakohoa. "Ulimwachia ng'ombe na kamba yake, mwalimu."

Kwa hiyo: katalitiki ya zamani ni mali yako. Sema hivyo mapema, mkikubaliana bei, sio mwisho. Ukitaka kuiuza, mtafute mnunuzi wa vyuma chakavu mwenye leseni, kwani tangu 2015 tuna sheria inayosimamia biashara hiyo, na uombe risiti. Na ukiacha gari gereji yoyote kwa kazi nyingine, hata kupaka rangi, ingia chini kwanza upige picha ya ekzosi. Nawafahamu watu wawili waliogundua sauti ya gari imekuwa kama ya matatu ya Umoinner baada ya kwenda kurekebishiwa breki.

Kuhusu kuibadilisha. Njia zilikuwa tatu. Ya asili mpya kutoka kwa wakala, ambayo kwa gari la 2003 bei yake ilikaribia kunifanya niombe kiti. Nyingine ya dukani kama niliyoiua. Au ya mtumba iliyotolewa kwenye gari lililofika kukatwa vipande. Wengi watakwambia mpya daima ni bora kuliko mtumba, nami nilifikiri hivyo. Mzee alinigeuza kwa swali moja: injini bado inakunywa oili, sivyo? Basi ukiweka ya bei kubwa leo, unailisha oili hiyo hiyo. Tengeneza ringi kwanza, ndipo uweke ya maana. Kwa sasa weka mtumba wa asili ulio mzima.

Tukaenda Kirinyaga Road asubuhi ya Jumamosi, kabla ya jua kuwa kali na bei kupanda nalo. Duka la kwanza walinipa moja inayong'aa, imepakwa rangi ya fedha. Mzee akaimulika kwa tochi ya simu upande mmoja, mimi nikachungulia upande wa pili. Mwanga ulikuja wote kama dirisha, maana ndani hamkuwa na kitu. Ukichungulia nzima utaona mwanga umechujwa na matundu madogo yaliyo sawasawa. Itikise karibu na sikio, isilie. Tafuta mstari wa kulehemu usio wa kiwandani, hiyo imefunguliwa. Ganda lenye rangi ya buluu ya kuungua limepitia moto mkali. Sega lenye masizi meusi ya mafuta mafuta limetoka kwenye gari lenye ugonjwa kama wa kwako. Duka la nne ndipo tulipopata, iliyotoka kwenye injini ya ukubwa ule ule. Ukubwa wa injini usiupuuze: ya injini ndogo itabana moshi wa injini kubwa. Niliandikishiwa kwenye risiti kwamba ndani ya siku saba naweza kuirudisha.

Gari langu halina mengi ya kufanana nalo Nairobi, kwa hiyo ilibidi kukata na kulehemu badala ya kufunga bolti tu. Kabla ya kuchomelea mzee alitoa waya hasi ya betri na kufungua sensa zote mbili, kwa sababu umeme wa kulehemu unaweza kuua kompyuta ya gari. Gari lilikuwa juu ya stendi za chuma. Jeki peke yake sio kitu cha kulalia chini yake, hata kwa dakika mbili, hata kama fundi amefanya hivyo miaka ishirini. Mshale kwenye ganda ulielekea nyuma, uendako moshi. Gasketi zote mpya, nati zilizoshika kutu zikapashwa moto badala ya kulazimishwa, na nyuzi za sensa zikapakwa grisi yake maalumu bila kugusa ncha. Kisha akawasha injini na kupitisha kiganja karibu na kila kiungo, akisikiliza kama kuna upepo. Ekzosi inayovuja chini ya sakafu huleta ile hewa ya jiko ndani ya gari ukiwa umefunga vioo.

Koili ilinigharimu shilingi 3,500. Katalitiki ya mtumba 18,000, kulehemu 2,500, plagi na gasketi ziko kando. Ile mpya ya dukani iliyodumu miezi minane ilikuwa 27,000, na sitaki kujumlisha.

Kuna watakaokushauri umimine dawa ya chupa kwenye tangi, au thina ya rangi. Dawa haiwezi kuunganisha sega lililovunjika wala kuirudisha kauri iliyoyeyuka. Thina mimi siigusi, ina uwezo wa kula mipira kwenye njia ya mafuta. Wengine watakuwekea kipande cha nati ndefu kuisogeza sensa ya nyuma mbali na moshi ili isione kitu. Taa inazima kweli. Siku silinda itakapokataa kuchoma, hutakuwa na katalitiki ya kuyeyuka, ila utakuwa umetuachia sote moshi huo kwenye foleni ya Mombasa Road, na watoto wanaovuka pale ndio wako usawa wa bomba lako.

Baada ya kufuta ile namba ya hitilafu usitangaze ushindi siku hiyo. Kompyuta inahitaji safari kadhaa za aina tofauti kabla ya kuipima katalitiki upya. Niliendesha wiki nzima, mjini kwenye foleni, kisha Thika Road kwa mwendo mmoja bila kukanyaga na kuachia. Mzee akasoma mashine: safi, na sensa ya nyuma imetulia. Mama bado anakataa kukaa kiti cha mbele.

Oili inaendelea kupungua. Kila Jumamosi natoa kijiti, nakifuta, nakirudisha, nakisoma, na lita ya akiba iko kwenye buti. Ringi tutafungua likizo ya Desemba.